Mstari Mmoja Ulimfanya Anti Aitwe Mwizi: Historia Fupi ya Kulinda Kamusi kwenye Programu

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo naungama.

Mwaka jana chama cha kina mama wa mtaa wetu kilikaa kikao Jumapili mchana, na anti yangu, aliyekuwa mweka hazina, akaulizwa mbele ya watu 14 pesa zimeenda wapi. Hakuna aliyetamka neno "mwizi" mwanzoni. Lakini mnajua vile kina mama huuliza: "Mama, si utueleze tu, tuelewe." Hiyo ni kesi tayari. Neno lenyewe lilikuja baadaye, kwa mlango, watu wakivaa viatu.

Na pesa zilikuwa zote. Hakuna hata bob moja ilikuwa imetoka. Kilichoharibika ni programu niliyowaandikia mimi, na ndani ya hiyo programu ni mstari mmoja:

ripoti = michango

Si unaona kama ni kitu safi tu? Nami niliona hivyo. Sasa kaa chini, kwa sababu hii kitu imesumbua watu wenye akili kunishinda kwa zaidi ya miaka 60, na bado kuna watu wanaikosea leo.

Kilichotokea

Lugha ya Python ina kitu kinaitwa dict, yaani kamusi. Kama vile kamusi ya shule ina neno na maana yake, hii ina ufunguo na thamani. Ufunguo ni jina, tuseme "Mama Shiro". Thamani ni 12000, zile pesa amechanga. Unaiuliza jina, inakupa namba. Haraka sana.

Sasa, wanachama walitaka ripoti. Kila mtu aone alichochanga, kutoa mkopo aliochukua, abaki na salio lake. Mama Shiro alikuwa na mkopo wa 3,000, kwa hivyo ripoti ingesema 9,000. Mimi nikafikiria kama mtu mwenye akili: sitaki kugusa rekodi ya michango, wacha nipige kopi, nitoe mikopo kwa kopi. Nikaandika ule mstari.

Kumbe haikuwa kopi. Kwenye Python, ukiandika hivyo hujatengeneza kamusi ya pili. Umeipatia kamusi ileile jina la pili. Ni kama Wanjiku na Mama Shiro ni mtu mmoja: ukimnyoa Wanjiku, usishangae Mama Shiro akitoka na kipara.

Kwa hivyo ripoti ya kwanza ilisema 9,000, na ikawa sawa. Lakini rekodi yenyewe pia ikawa 9,000, na programu ikaihifadhi. Wiki iliyofuata mtu akaomba ripoti, ikatoa 3,000 tena: 6,000. Ya tatu: 3,000. Kila mara mtu alipouliza "pesa zangu ziko wapi," lile swali ndilo lilikuwa linakula pesa zake. Na aliyekuwa ameshika laptopu kwenye kikao ni anti.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo iligoma, kwa hivyo hapa nilikuwa peke yangu. Nikanunua bando la usiku nikaanza kusoma. Nikagundua shida yangu ina umri kumshinda anti mwenyewe.

Wakati 4 ilikuwa 5

IBM ilitoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957, kazi ya kikundi kilichoongozwa na John Backus. Mwaka uliofuata ikaboreshwa, watu wakaweza kuandika vipande vidogo vya programu na kuvipa namba za kufanyia kazi. Hapo ndipo mambo yaliingia mchanga. FORTRAN haikuwa inakipa kile kipande namba yenyewe. Ilikuwa inakionyesha mahali ambapo namba imewekwa kwenye kumbukumbu ya mashine.

Sasa chukua namba 4. Si jina la kitu, ni 4 yenyewe, ile unajua kutoka nasari. Ukikipa kipande hiyo 4, halafu ndani yake kuna mstari unaosema "hicho ulichopewa, ongeza 1," kompaila kadhaa za zamani zilienda mahali 4 ilipowekwa zikaandika 5. Kutoka hapo, kila mahali kwenye programu ulipoandika 4, mashine inasoma 5. Mbili na mbili inakuwa tano, na hakuna anayepiga kelele.

Hii si kamusi, najua. Lakini ugonjwa ni uleule wa mstari wangu. Ulidhani unapeana kitu, kumbe unapeana anwani ya nyumba ya kitu. Na mwenye anwani anaweza kuingia akahamisha viti.

Python na kabila lisilo na pacha

Guido van Rossum, Mholanzi, alianza kuandika Python likizo ya Krismasi ya 1989, akaitoa kwa watu Februari 1991. Kamusi zilikuwa ndani tangu mapema, na hazikuwa za kuwekea data pekee. Python yenyewe inaishi ndani ya kamusi. Majina yote uliyoandika kwenye faili yako yako kwenye kamusi. Sifa za vitu vingi unavyotengeneza ziko kwenye kamusi. Kwa hivyo mtu akiweza kuandika ovyo kwenye kamusi fulani, habadilishi data tu, anabadilisha jinsi lugha inavyofanya kazi.

Watu wa Python waliliona hilo. Desemba 2001, toleo la 2.2 lilipotoka na mfumo mpya wa klasi, kamusi ya ndani ya klasi ikawekwa nyuma ya kitu kama dirisha la grili. Unaweza kuchungulia, unaona kila kitu, lakini mkono haupiti. Ukitaka kubadilisha sifa ya klasi unapitia mlango wa mbele, ambapo Python inajua umeingia na inapanga mambo yake. Lakini shikeni hili: lile dirisha lilikuwa la matumizi ya Python yenyewe. Sisi raia hatukuwa tumepewa yetu.

Na hapo ndipo kuna kitu cha ajabu. Angalia familia ya Python. Orodha inaitwa list, na ina pacha asiyebadilika, tuple. Mwaka 2004, toleo la 2.4 likaleta set kama sehemu ya lugha, na siku hiyohiyo likaleta pacha wake, frozenset, yaani seti iliyogandishwa. Kila mmoja ana pacha mtulivu. Kamusi, ambayo ndiyo tunatumia kuwekea bei, michango na mipangilio, haikupewa.

Mwaka 2005 Barry Warsaw alipendekeza njia ya jumla ya kugandisha vitu kwenye Python. Ikakataliwa. Mwaka 2012 Victor Stinner akarudi na pendekezo namba 416: tupewe frozendict, kamusi iliyogandishwa. Yeye alikuwa na sababu nzito. Alikuwa anajenga chumba cha kufungia programu za watu usiowaamini, zikimbie humo bila kugusa nyumba nyingine. Huwezi kujenga chumba kama hicho kama mfungwa anaweza kubadilisha kamusi ambayo mlinzi anasomea sheria.

Guido akakataa. Na hoja zake si za kijinga, wacha niziweke vile zilivyo. Kwanza, waliokuwa wanatumia kamusi za aina hiyo walikuwa wachache. Pili, wengi wao walikuwa wanaitumia kama ishara tu, kumwambia mwenzao "hii usiguse," kwa sababu hata ukigandisha kamusi, mtu bado anaweza kuchukua lile jina akaliwekea kamusi nyingine. Hiyo inaendana na msemo wa zamani wa watu wa Python, kwamba hapa sisi wote ni watu wazima. Hakuna haja ya kufungiana milango.

Lakini hakuwaacha mikono mitupu. Lile dirisha la grili lililokuwa la ndani likafunguliwa kwa kila mtu. Kuanzia toleo la 3.3, Septemba 2012, tunalo: linaitwa MappingProxyType. Unalipa kamusi yako, linakurudishia dirisha. Yeyote mwenye dirisha anasoma. Akijaribu kuandika, programu inakataa hapohapo na kelele.

Kelele ni muhimu. Mngejua vile nilitamani kelele.

Dirisha halitoshi

Kabla hujaenda kuliweka kila mahali, jua mipaka yake.

Ya kwanza: dirisha si picha. Mwenye kamusi akibadilisha kitu ndani, wewe nje unaona mabadiliko. Wakati mwingine ndivyo unataka. Wakati mwingine ulitaka rekodi ya Jumapili ibaki ya Jumapili, hapo unahitaji kopi.

Ya pili ndiyo inachoma watu wengi: ulinzi ni wa mlango wa mbele tu. Tuseme thamani ya Mama Shiro si namba moja bali ni orodha ya malipo yake yote. Dirisha litakuzuia kubadilisha orodha yake na nyingine. Halitakuzuia kushika ile orodha na kufuta malipo ya Machi. Kopi ya kawaida nayo ina ugonjwa huohuo: kamusi mbili, lakini orodha za ndani ni zilezile. Ndiyo maana kuna deepcopy, inayopiga kopi mpaka chini kabisa.

Ya tatu: mtu aliyeamua kuvunja atavunja. Ukijua pembe za Python unaweza kupitia nyuma ya dirisha ukaishika kamusi yenyewe. Stinner mwenyewe, mwaka 2013, alitangaza kwamba kile chumba chake cha kufungia programu kimeshindikana, watu walikuwa wanapata matundu kila mara. Kwa hivyo ulinzi wa ndani ya Python ni wa ajali. Si wa majambazi.

JavaScript: kufuli isiyolia, na mzazi wa wote

Majirani wetu wa JavaScript walipewa kufuli mapema kidogo. Desemba 2009, toleo la tano la kanuni za lugha lilileta Object.freeze. Unagandisha kitu, hakuna anayeongeza, kufuta wala kubadilisha. Lakini kuna mambo mawili. Nayo inagandisha juu tu, vya ndani bado vinalegea. Halafu, kama programu yako haiko kwenye hali kali, ile wanaiita strict mode, ukijaribu kuandika kwenye kitu kilichogandishwa hakuna kelele. Maandishi yako yanapotea tu, na programu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Data imelindwa, lakini wewe umedanganywa. Mwaka 2015 wakaleta neno const, na mpaka leo kuna wasee wanaamini linalinda vilivyo ndani. Halilindi. Linalinda jina tu.

Na huko ndiko majambazi walikuja kweli. Kwenye JavaScript, karibu kila kitu kina mzazi mmoja wa juu. Ukikiuliza kitu sifa ambayo hakina, kinaenda kumuuliza mzazi. Sasa fikiria seva inapokea data kutoka kwa mtu wa nje na kuimwaga ndani ya kitu chake bila kuangalia funguo. Yule mtu anaweka ufunguo unaoitwa __proto__. Badala ya kuandika kwa mtoto, ameandika kwa mzazi. Ghafla kila kitu kwenye programu nzima kinaamini jambo ambalo hakuna aliyekiambia, kwa mfano kwamba mtumiaji huyu ni msimamizi. Mwaka 2019, jQuery na lodash, maktaba mbili zinazotumika na tovuti nyingi sana duniani, zote zililazimika kutoa marekebisho kwa sababu ya tundu la aina hii. Moja ya dawa inayotajwa ni kumgandisha mzazi mwenyewe. Mzee akae, asiandikwe chochote.

Kwa hivyo ile hoja kwamba sisi wote ni watu wazima ina shida. Watu wazima ni wa chumba kile. Mlango wa intaneti unaingiza kila mtu.

Wale walioacha kufuta

Kuna kundi la tatu, na hili ndilo lilinibadilisha mawazo. Mwaka 2007 Rich Hickey alitoa lugha ya Clojure. Humo kamusi haibadiliki kabisa, tangu kuzaliwa. Ukitaka kuongeza kitu unapata kamusi mpya, na ya zamani inabaki vile ilikuwa. Utauliza, si hiyo itamaliza kumbukumbu ya mashine? Hapana, kwa sababu kamusi mpya haipigi kopi ya kila kitu. Imepangwa kama mti, na matawi ambayo hayajaguswa yanatumiwa na zote mbili. Mpango huo unatokana na kazi ya Phil Bagwell. Python nayo ina mti wa aina hiyo ndani yake, kwenye moduli ya contextvars iliyokuja na toleo la 3.7 mwaka 2018, na mwaka uliofuata Yury Selivanov akaandika pendekezo namba 603 kwamba utolewe nje sote tuutumie.

Nikisoma hapo saa nane usiku, nikaangalia mezani. Daftari jeusi la anti lilikuwa hapo.

Daftari na kufuli tatu

Kina mama wa chama wana sheria za daftari ambazo hakuna mtu wa kompyuta aliwafundisha. Huandiki na penseli. Hufuti. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, unaandika sahihi chini yake, na unatia sahihi. Malipo ya zamani hayabadilishwi kamwe, unaongeza mstari mpya tu. Hiyo ni Clojure ya kalamu.

Na pesa zenyewe? Zinakaa kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Sijawahi kusikia mweka hazina akilia ati kufuli zinamtukana. Kinyume chake. Siku kisanduku kikifunguliwa kikiwa na pungufu, zile kufuli tatu ndizo zinasema, "Huyu hakuweza kufungua peke yake." Kufuli inalinda pesa, sawa, lakini kwanza inamlinda anayezibeba.

Hapo ndipo naachana na hoja ya 2012. Mjadala wa kugandisha kamusi umekuwa kati ya waandishi wa programu: nani anaitumia, ina faida gani, inatuchelewesha kiasi gani. Maswali mazuri. Lakini kamusi ikibadilika bila ruhusa, mara nyingi si mwandishi anayelipa. Anayelipa ni yule ameshika laptopu mbele ya watu, akisoma namba ambayo hakuiandika. Mimi kwenye kile kikao sikuwepo hata. Nilikuwa nimelala.

Waliochukua daftari jeusi wakajumlisha walikuta kila kitu kiko sawa mpaka shilingi ya mwisho. Mali bila daftari huisha bila habari, na bila lile daftari anti angekuwa ameisha na habari mbaya juu.

Nilirekebisha programu. Kama wewe unaandika zako, chukua haya matatu. Moja, ukitaka kopi, sema kopi: dict(michango), au deepcopy kama ndani kuna orodha na kamusi nyingine. Mbili, kipande chochote ambacho kazi yake ni kusoma tu, kipe dirisha, MappingProxyType(michango). Kama ningefanya hivyo, ripoti ya kwanza kabisa ingekataa kutoka, ningetukana kidogo, ningerekebisha kwa dakika mbili, na hakuna mtu angejua. Tatu, usihifadhi jumla peke yake. Hifadhi kila malipo kama mstari wake, na jumla uipige upya kila mara, kama daftari.

Nilienda kikao kilichofuata nikaeleza mwenyewe, nikaonyesha ule mstari. Wakacheka, wakamwomba anti msamaha, mmoja akaleta hadi soda. Anti alikubali msamaha. Halafu akatoa ufunguo wake wa kisanduku kwenye pochi, akauweka mezani, akasema, "Sina ubaya na mtu. Lakini tafuteni mwingine."

Wameshapata mweka hazina mwingine. Programu inafanya kazi vizuri sana. Anti bado anakuja vikao vyote, anakaa nyuma karibu na mlango, na kila akilipa mchango wake anangoja kwanza uandikwe kwa daftari, kwa kalamu, yeye akiangalia.

Kwa hivyo kabla hujalala leo, fungua ile programu yako. Tafuta mahali uliandika jina moja ni sawa na jina lingine. Halafu jiulize ni nani atasimama mbele ya watu kama hiyo si kopi.